Vita vya ushuru vilianzia darasani

Mwezi Mei 2025 kiwanda cha Ford kilichoko Chicago, kile kinachounda magari ya Explorer, kilisimamisha kazi kwa wiki nzima. Hakukuwa na mgomo. Chuma kilikuwepo, umeme ulikuwepo, wafanyakazi walikuwepo na wateja walikuwepo. Kilichokosekana ni sumaku, vijisumaku vidogo vinavyokaa ndani ya mota za kupandisha vioo, kusogeza viti, kuendesha waipa na kulainisha usukani. China ndiyo inayotengeneza zaidi ya asilimia 90 ya sumaku za aina hiyo duniani, na tarehe 4 Aprili ilikuwa imetangaza kwamba madini adimu saba, pamoja na sumaku zilizotiwa madini hayo, hayatoki nchini mwake bila kibali. Vibali vikawa vinatoka kwa kusuasua, na mstari wa uzalishaji wa moja ya kampuni kubwa za magari duniani ukasimama.

Wakati huo sisi huku tulikuwa tunahesabu asilimia. Februari, Donald Trump ameongeza ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa za China. Machi, 10 nyingine. Aprili nyongeza zote zimefika 145, na China imejibu hatua kwa hatua hadi 125. Kiwango cha namna hiyo hakikusanyi mapato, maana hakuna mfanyabiashara atakayeagiza mzigo wa dola 100 kisha alipe forodha dola 145 kabla hajauza hata kipande kimoja. Ni kufunga biashara bila kutamka neno kufunga. Baadaye wajumbe wakakutana Geneva, viwango vikashushwa hadi 30 kwa 10, dunia ikapumua, na sisi tukasimuliana kama mechi: huyu kafunga, yule kasawazisha.

Nimekuwa nikifuatilia mzozo huu tangu 2018, na nimefika mahali pa kuamini kwamba asilimia zimetupotosha. Ushuru ukipanda, muuzaji hutafuta mnunuzi mwingine na mnunuzi hutafuta muuzaji mwingine. Inauma, inachelewesha, inagharimu, lakini pa kupitia hupatikana. Kilichoitikisa Marekani mwaka 2025 ni kitu kingine kabisa, na asili yake ni hesabu za mwalimu mmoja wa kemia mjini Beijing mwaka 1972. Na kwa sababu Tanzania ina kilima mkoani Songwe chenye madini ya aina ile ile, nadhani tuna sababu ya kuiangalia habari hii kwa karibu kuliko tulivyofanya.

Nianze na soya, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia kuumia. Tarehe 6 Julai 2018 Marekani ilianza kutoza asilimia 25 kwa bidhaa za China za thamani ya dola bilioni 34, na siku hiyo hiyo China ikajibu kwa kiwango hicho hicho, soya ikiwemo. Baharini kulikuwa na meli iitwayo Peak Pegasus, imepakia tani zipatazo 70,000 za soya kutoka Marekani, inakimbilia bandari ya Dalian iwahi kabla saa haijafika. Wachina kwa maelfu walikuwa wakiifuatilia mtandaoni kama watu wanaotazama mbio. Ilikosa kwa saa chache tu. Ikabaki inazunguka nje ya bandari zaidi ya mwezi, mafuta yanaungua, wenye mzigo wanapiga hesabu mpya kila asubuhi.

Wakulima wa Iowa na Illinois waliumia kweli. Serikali yao ilitenga dola bilioni 12 kuwafidia mwaka ule, na bilioni 16 mwaka uliofuata. Lakini tazama kilichotokea upande wa pili: China iliingia Brazil na kununua. Soya ya Mato Grosso na soya ya Iowa zinakamuliwa mafuta yale yale, na mashudu yake hunenepesha nguruwe yule yule. Septemba 2025 China haikuingiza hata tani moja ya soya ya Marekani, na nguruwe wake hawakufa njaa. Kisha Oktoba 30, Trump na Xi Jinping walipokutana Busan, Korea Kusini, China ikaahidi kununua tani milioni 12 kabla ya mwaka kwisha na tani milioni 25 kila mwaka kwa miaka mitatu. Soya iliondoka, soya ikarudi.

Sumaku hazina Brazil yake.

Asubuhi moja nilikaa kwenye karakana ya fundi wa pikipiki za umeme, Dar es Salaam. Alikuwa anafungua gurudumu la nyuma, ambalo ndani yake ndimo ilimo mota. Alitoa skrubu moja baada ya nyingine, akaondoa kifuniko, kisha ikaanza kazi ya kuvuta: ile sehemu ya katikati iliyosukwa nyaya za shaba ilikuwa imeng'ang'aniwa, hadi akatumia kifaa maalumu cha kuichomoa, mguu wake ukiwa umekaza gurudumu sakafuni. Ilipotoka nikaona ukingo wa ndani umepangwa vibao vya rangi ya fedha, kila kimoja kama kipande cha chingamu, vimefuatana mzunguko mzima kama meno. Nikasogeza bisibisi nione vizuri. Ilinichomoka mkononi, ikanasa ukutani mwa gurudumu kwa mlio. Fundi akacheka, akanionyesha kibao kimoja kilichopasuka. Akaniletea na sumaku nyeusi ya spika ya zamani, kubwa kama kisahani cha chai, akasema: "Hili lote halifikii nguvu ya kile kidogo. Na kile siwezi kuchonga. Naagiza China, nasubiri."

Ndani ya kibao kile kuna neodimi na praseodimi, na katika sumaku za kuhimili joto kali huongezwa disprosi au terbi. Haya ni sehemu ya kundi la madini 17 tunayoyaita madini adimu, jina ambalo lenyewe linadanganya. Neodimi ni nyingi katika ardhi kuliko madini ya risasi. Shida ni kwamba haya madini hukaa pamoja, yamefanana tabia kiasi kwamba kuyatenganisha ni kama kupepeta mchele uliochanganyika na mchele mwingine wenye uzito karibu sawa. Wanakemia wa karne ya 19 waliwahi kupata kitu walichokiita didimi, jina lililotokana na neno la Kigiriki la pacha, wakaamini ni elementi moja. Mwaka 1885, Carl Auer von Welsbach wa Vienna akaonyesha kwamba ni mbili, na hizo ndizo neodimi na praseodimi.

Kiwandani, pacha hawa hutenganishwa hivi. Madini huyeyushwa katika tindikali, kisha maji hayo huchanganywa na kimiminika cha mafuta, mara nyingi mafuta ya taa yaliyotiwa kemikali maalumu. Vikikorogwa na kuachwa vitulie, mafuta hupanda juu na maji hubaki chini, na pacha mmoja huwa amependelea mafuta kidogo tu kuliko mwenzake. Kidogo tu. Basi unarudia. Tangi la kwanza linamwagia la pili, la pili linamwagia la tatu, mamia ya matangi yamepangwa safu, kila moja likiongeza usafi kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Ukikosea mtiririko wa tangi la arobaini, unaharibu la mia mbili, na huenda usijue hadi wiki kadhaa zipite. Hicho ndicho kisu kilichoshikwa shingoni mwa viwanda vya magari vya Marekani: safu ya matangi, na watu wanaojua kuyaendesha.

Watu hao walitoka wapi? Xu Guangxian alisomea udaktari wake wa kemia Columbia, New York, akaumaliza mwaka 1951, akarudi kwao. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni yeye na mkewe walipelekwa shambani kufanya kazi za mikono. Aliporudishwa Chuo Kikuu cha Peking alipewa, mwaka 1972, kazi ya dharura ya kijeshi: tenganisha neodimi na praseodimi. Wakati huo China ilikuwa na mlima mzima wa madini haya, Bayan Obo huko Mongolia ya Ndani, lakini ilikuwa inauza ghafi kwa bei ya chini na kununua yaliyosafishwa kwa bei ya juu. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa hali hiyo inafananaje.

Xu alitengeneza nadharia ya hesabu iliyomwezesha mhandisi kujua mapema anahitaji matangi mangapi na mtiririko gani, badala ya kutikisa chupa za maabara miezi na miezi kwa kubahatisha. Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko ugunduzi wenyewe. Hakulifungia kabatini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliandaa kozi, akawafundisha wahandisi wa viwandani kutoka sehemu mbalimbali za nchi, nao wakaenda kufundisha wengine. Kufikia miaka ya 1990 viwanda vya China vilikuwa vinamwaga sokoni madini yaliyotenganishwa kwa wingi hadi bei ya dunia ikaporomoka.

Bei hiyo ndiyo iliyowakuta Wamarekani. Mgodi wa Mountain Pass, California, ndio uliokuwa ukiongoza dunia kuanzia miaka ya 1960 hadi ya 1980. Mabomba yake ya maji machafu yakavuja jangwani, mtambo wa kutenganisha ukasimama mwaka 1998, mgodi ukafungwa 2002. Kampuni ya Magnequench, iliyozaliwa ndani ya General Motors na iliyokuwa ikitengeneza sumaku hizi jimboni Indiana, iliuzwa mwaka 1995 kwa wawekezaji ambao miongoni mwao zilikuwemo kampuni za serikali ya China, na miaka michache baadaye uzalishaji ukahamia China. Hakuna aliyeiba kitu hapo. Waliuza kwa saini zao, kwa sababu kwenye vitabu vya hesabu kazi hiyo ilionekana chafu, ya kuchosha na isiyo na faida.

Mountain Pass ulifunguliwa tena, na sasa unamilikiwa na kampuni ya MP Materials. Lakini kwa miaka kadhaa ulichimba, ukapata makinikia, ukayapakia kwenye meli na kuyapeleka China kuchenjuliwa. Ndiyo, makinikia! Taifa tajiri kuliko yote duniani lilikuwa linauza makinikia kama sisi, na mnunuzi wake aliitwa Shenghe Resources. Biashara hiyo ilisitishwa Aprili 2025, ushuru wa China ulipofika 125. Julai mwaka huo Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikanunua hisa za MP Materials kwa dola milioni 400 na kuihakikishia bei isiyopungua dola 110 kwa kilo. Serikali iliyokuwa ikihubiri soko huria kwa nusu karne sasa inanunua hisa za mgodi na kuweka dhamana ya bei. Siilaumu, kwani ingekuwa nafasi yangu ningefanya vivyo hivyo. Ninachosema ni kwamba mpaka kufika hapo ilikuwa imechelewa miaka thelathini.

Sasa rudi Songwe. Katika Wilaya ya Songwe, upande wa kijiji cha Ngwala, kuna kilima cha Ngualla, na mwaka 2010 kampuni ya Australia iitwayo Peak iligundua humo moja ya hazina kubwa za neodimi na praseodimi ambazo bado hazijachimbwa duniani. Leseni kubwa ya uchimbaji ilitolewa Aprili 2023, chini ya kampuni ya ubia ya Mamba Minerals, serikali yetu ikiwa na hisa asilimia 16 kwa mujibu wa sheria ya madini. Mpango wa awali wa Peak ulikuwa kuchimba Songwe na kujenga kiwanda cha kutenganisha Teesside, kaskazini mwa Uingereza. Mpango huo uliwekwa kando, badala yake ukaja mkataba wa kumuuzia makinikia Shenghe. Na mwaka 2025 Shenghe ikainunua Peak yenyewe.

Shenghe yule yule wa California.

Siandiki haya kuilaani kampuni hiyo. Imefanya kile ambacho Marekani ilikataa kufanya kwa miaka thelathini: imejua pa kusimama katika safu. Wala sisemi Wachina wabaya na Wamarekani wema, maana hata katika ile ndoto ya kwanza ya Waaustralia mtambo wa kutenganisha ulikuwa uende Uingereza, si Mbeya. Kila aliyekuja ametuona sisi ni mwanzo wa safari. Kinachoniuma ni kwamba na sisi tumejiona hivyo hivyo.

Kumbuka mwaka 2017. Neno makinikia liliingia midomoni mwetu mwezi Machi, Rais Magufuli alipozuia makontena 277 bandarini Dar es Salaam. Kamati zikaundwa, ripoti zikasomwa mubashara, watu wakaacha kazi kusikiliza redio kwenye vijiwe. Mwisho wake kampuni ya dhahabu ya Barrick ilikubali kulipa dola milioni 300, na kampuni ya ubia ya Twiga ikazaliwa, serikali ikiwa na asilimia 16. Nilishangilia wakati ule na sijutii. Lakini nikikumbuka mijadala yetu naona tulibishana miezi mingi kuhusu dhahabu kiasi gani imo ndani ya makontena, na hatukubishana hata wiki moja kuhusu ni nani miongoni mwetu anayejua kuitoa. Tangu hapo kiwanda cha kusafisha dhahabu kimefunguliwa Mwanza, mwaka 2021, na nakihesabu kama hatua ya kweli. Madini adimu hata hivyo ni kazi ngumu kuliko dhahabu kwa mbali.

Wapo watakaosema dawa ni kufuli: tuzuie makinikia yote hadi mwekezaji ajenge kiwanda hapa. Burundi ilisimamisha mgodi wake wa madini adimu wa Gakara mwaka 2021, ikidai haipati stahiki yake, na madini yakabaki ardhini. Kongo ilizuia kobalti Februari 2025 na baadaye ikaweka mgao, na kwa kuwa inachimba sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, bei ilipanda haraka. Kufuli la Kongo lina nguvu kweli. Lakini wanaoisafisha kobalti hiyo hadi ifae kwa betri wako China, na Indonesia nayo inaongeza uchimbaji wake kila mwaka. Kufuli la malighafi ni kama ushuru wa soya: kwa muda mfupi linabana, kisha mwenzako anatafuta Brazil yake.

Wala sitaki tujidanganye kuhusu kiwanda chenyewe. Nje ya mji wa Baotou, Mongolia ya Ndani, kuna bwawa la mabaki ya uchenjuaji, tope jeusi lenye kemikali na thoriamu ya mionzi, ambalo liliharibu maji na mashamba ya vijiji jirani. Milima ya Jiangxi, kusini mwa China, imeachwa na makovu ya tindikali. Sehemu ya ubora wa bei ya China ililipwa na wakulima hao kwa afya zao. Wenye mradi wa Ngualla wamekuwa wakisema mwamba wake una thoriamu na urani kidogo sana, na hiyo ni bahati kubwa, ila tindikali ni tindikali, na bonde la Ziwa Rukwa haliko mbali. Anayedai mtambo mkubwa Songwe kesho asubuhi, bila wataalamu wa kuuendesha na wa kuukagua, anadai Baotou nyingine.

Ndiyo maana ninarudi kwenye darasa la Xu. Desemba 2023 China ilipiga marufuku kusafirisha nje teknolojia ya kuchimbua na kutenganisha madini adimu. Tazama ni nini hasa ilichokifungia sandukuni: madini iliendelea kuyauza, sumaku iliendelea kuziuza, ujuzi ndio uliokatazwa kutoka. Wenye mali hutuonyesha thamani yake kwa namna wanavyoificha.

Tuna nini cha kuwapa ili watufundishe? Tuna makinikia, na tuna wakati. Kuanzia Busan pande mbili zimepumzika tu. China ilisitisha kwa mwaka mmoja masharti mapya iliyoyatangaza Oktoba 9, na Marekani nayo ikarudisha nyuma baadhi ya yake. Katika mapumziko hayo kila mmoja anatafuta washirika. China imeingia mkataba wa dola bilioni 1.4 kufufua TAZARA. Marekani imeweka fedha zake reli ya Lobito, Angola. Japani, iliyofungiwa madini haya mwaka 2010 baada ya mgogoro wa boti ya uvuvi, ilijifunza mapema kuliko wote: iliweka dola milioni 250 katika kampuni ya Lynas ya Australia, ambayo leo ina mtambo wa kutenganisha Kuantan, Malaysia. Ufaransa ina mtambo wa La Rochelle, wa miaka mingi, unaohangaikia malighafi. Watu wengi hutukumbusha kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia, na mimi methali hiyo siikubali katika jambo hili. Nyasi hazina cha kutoa wala cha kunyima. Sisi tunacho, kwa miaka michache, kabla migodi mingine haijafunguka.

Basi serikali, kwa asilimia zake 16 na kiti chake katika bodi ya Mamba, idai viti vya masomo. Vijana wa kemia na uhandisi wa uchenjuaji kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya wakae Ganzhou, huko Jiangxi, na Baotou, si kwa ziara ya wiki mbili yenye picha za pamoja, bali kwa miaka mitatu au minne, wakivaa ovaroli na kusimama zamu za usiku kando ya matangi. Wakikataliwa Ganzhou kwa ile marufuku, wapelekwe Kuantan au La Rochelle, na anayewapokea apewe nafasi ya kwanza kwenye sehemu ya makinikia. Tani chache za kila mwaka zibaki Mbeya, kwenye mtambo mdogo wa majaribio wenye safu ya matangi inayoenea ukumbi mmoja, ambako watakaorudi watafundisha wengine na kukosea bila kuua mto wa mtu. Majirani wa Burundi wenye Gakara na Wakenya wenye Mrima kule Kwale waitwe kwenye ukumbi huo huo. Gharama yake ni ndogo mbele ya kilomita chache za lami.

Xu alihitaji miaka ishirini hivi tangu alipopewa kazi ile hadi China ikashika soko. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyeko Mbalizi leo atakuwa na umri wa miaka 36 au 37 muda kama huo ukipita. Lori la kwanza la makinikia litakaposhuka kutoka Ngualla kuelekea bandarini, nataka majina ya kundi la kwanza la vijana yawe yameshasomwa bungeni, pamoja na chuo alichopelekwa kila mmoja na tarehe yake ya kurudi.